Kura Nne Zenye Alama za Magunia

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini jioni wakati msimamizi wa kituo alipofungua karatasi ya kura, akaitazama, akaigeuza juu chini, kisha akauliza, "Hiki nini?"

Tulikuwa ndani ya chumba cha darasa, katika kisiwa kimoja cha Muleba. Ulikuwa uchaguzi mdogo wa diwani, kwa kuwa diwani aliyekuwepo alikuwa amefariki. Kwenye karatasi majina yalikuwa kadhaa, lakini kila mtu alijua kwamba ushindani ni wa watu wawili: mwenye maduka pale kisiwani, na dada yangu, mfanyabiashara wa dagaa. Mimi nilikuwa wakala wa dada yangu kituoni. Kazi ya wakala ni kukaa, kutazama, na mwisho kutia sahihi.

Wakala wa mwenye maduka, kijana asiyeishiwa maneno, alinyoosha shingo. "Samaki," alisema. "Mtu kachora samaki."

"Kamchora wapi?" aliuliza askari kutoka mlangoni.

"Kwenye kisanduku cha mama wa dagaa."

"Basi ni kura ya mama wa dagaa," nikasema.

"Mzee, kwani samaki naye alijiandikisha?"

Watu walicheka, askari akiwamo. Msimamizi, ambaye siku za kawaida alikuwa mwalimu wa shule ileile, hakucheka. Alifungua kijitabu chake cha maelekezo, akasoma kwa kidole, akaiweka karatasi kando pamoja na kura zenye mgogoro. Kabla hesabu haijaisha, karatasi za namna hiyo zilifika nne. Moja ilikuwa na samaki. Nyingine ilikuwa na duara lenye nukta katikati. Ya tatu ilikuwa na mistari mitatu iliyokatwa na mmoja, na ya nne pembetatu iliyosimama juu ya mguu mmoja kama kiti kibovu. Zote zilichorwa ndani ya kisanduku cha dada yangu, kwa uangalifu, bila kugusa mstari wa pembeni. Hapakuwa na alama nyingine yoyote kwenye karatasi hizo.

Kesho yake matokeo ya vituo vyote vya kata yalijumlishwa. Dada alishindwa kwa kura mbili. Kila aliyejua kutoa na kujumlisha aliona kilichokuwa kimelala ndani ya ile bahasha ya kura zenye mgogoro.

Naishi Kitendaguro, Bukoba, na kazi yangu ni kutengeneza mizani. Shule nilimaliza darasa la saba. Mengine nimejisomea, kwa sababu mtu anayeishi kwa kupima vitu vya wengine huanza kutaka kujua kila kitu kimepimwaje, hata sheria. Kila mwaka nilikuwa nikienda visiwani kurekebisha mizani za wanunuzi wa dagaa, na ndiyo maana alama zile nne nilizitambua palepale, zikiwa bado mkononi mwa mwalimu.

Kisiwani watu wametoka kila upande wa ziwa. Wengi hawajuani majina, au wanajuana kwa majina ambayo mama zao hawakuwapa. Wanachojuana kwa hakika ni alama. Kila mfanyabiashara wa dagaa ana ya kwake, na huipaka kwa rangi kwenye kila gunia kabla halijapakiwa. Boti moja hubeba magunia ya watu wengi, na ikifika bara, mpagazi hasomi jina. Anatazama samaki, duara, mistari. Gunia lisilo na alama linaweza kuchukuliwa na yeyote mbele ya macho yako, na ukipiga kelele utaulizwa, "Lako? Kwa ushahidi gani?" Nimeona mwanaume mzima akilia bandarini Kemondo kwa sababu mvua ilifuta rangi.

Dada alikuwa na alama yake pia: jani la mgomba, mshipa mmoja katikati na michirizi pande mbili. Aliichagua kwa sababu sisi ni watu wa Kanazi, kwenye migomba kila nyumba, na pale kisiwani hapakuwa na mgomba hata mmoja.

Alikwenda kule baada ya kufiwa na mumewe, akaanza na ndoo mbili za dagaa, akafika mahali pa kujaza nusu ya boti. Aligombea kwa sababu moja. Dagaa huanikwa mchangani, na mvua ikija ghafla hakuna mahali pa kuwaingiza. Kazi ya wiki inaoza kwa saa moja. Alitaka lijengwe ghala. Hakuahidi kitu kingine. Kwenye mkutano wake wa mwisho mtu mmoja alimpigia kelele, "Mama, na barabara?" naye akajibu, "Barabara ya kwenda wapi, waitu? Tumezungukwa na maji." Walicheka mpaka wakakaa chini.

Kupinga matokeo mahakamani kunahitaji fedha: dhamana ya gharama, wakili, nauli. Dada hakuwa na fedha ya namna hiyo nje ya mtaji wake. Alichokuwa nacho ni kibanja, shamba la migomba na kahawa la urithi, kule Kanazi.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Baba yetu, siku zake za mwisho, aliwaita watu wa ukoo akasema mbele yao kwamba sehemu ya chini ya kibanja chake, kuanzia mibuni ya zamani mpaka kwenye chemchemi, ni ya binti yake. Zama zile, kwetu, kibanja kilikwenda kwa watoto wa kiume, na baba zetu wadogo walinung'unika. Mmoja alimuuliza kama homa imempanda kichwani. Baba akasema, "Nimesema nikiwa nimeketi. Ningesema nikiwa nimelala mngekuwa na haki ya kuuliza." Alikufa baada ya siku chache, akazikwa katika sehemu hiyohiyo, kando ya mama. Kwa dada, kibanja kile hakikuwa ndizi na kahawa tu. Kilikuwa neno la baba ambalo watu walikuwa wamelikubali shingo upande, na yeye alikuwa amelitunza kwa kupalilia kila likizo ya biashara ili asipatikane wa kusema.

Aliniambia nia yake tukiwa tumekaa barazani kwangu.

"Dada, kibanja cha tata?" nilimuuliza; baba tulimwita hivyo.

"Sikiuzi. Nakiweka rehani kwa mnunuzi wa kahawa. Mwaka mmoja."

"Kwa ajili ya kura nne."

"Usiseme kura nne kama unavyosema maharage manne. Ni watu wanne. Waliingia pale, wakanichagua, wakaambiwa hawakuchagua mtu. Wewe ungekaa kimya?"

"Ningefikiri."

"Fikiri, mdogo wangu. Mimi naenda Kanazi."

Alirudi na shilingi milioni saba. Alipanga chumba Kashai, karibu na duka la vipuri vya bodaboda, ili awe karibu na wakili, aliyekuwa na ofisi mjini Bukoba.

Wakili alikuwa mama wa makamo, mtulivu, aliyesoma karatasi mara mbili kabla ya kusema lolote. Nilimpenda kwa hilo. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba alama zile nazifahamu na wenyewe nawafahamu. Alivua miwani.

"Zote nne?"

"Zote."

"Umemwambia nani?"

"Dada tu."

"Basi iishie hapo. Sikuombi useme uongo mahakamani. Ndiyo maana hutakuwa shahidi."

Akatueleza. Sheria haikatai kura kwa sababu tu mtu hakuweka alama ya vema. Akiweka msalaba, mstari au kidoa, na ikaonekana wazi anamtaka nani, hiyo inaweza kuhesabiwa. Lakini kura yenye alama inayoweza kumtambulisha aliyeipiga haihesabiwi kamwe, hata kama nia yake ni wazi kama jua. "Kwa hiyo," alisema, "karatasi hizi zitapona kama hazina mwenyewe. Zikipata mwenyewe, zimekufa."

Usiku ule nilisoma kifungu hicho mwenyewe. Kilikuwa kama alivyosema. Niliona pia kuwa ni kifungu kizuri. Kinamlinda mtu maskini asilazimishwe kuweka alama ili tajiri aliyemnunua aje kuikagua. Sikuweza kukikasirikia.

Wakili alituonya jambo jingine: dada asikanyage kisiwani mpaka shauri liishe, wala asiongee na mpiga kura yeyote, hata kwa simu. Upande wa pili wangesema anapanga mashahidi. Dada alitii. Kwa miezi yote ile alikaa Kashai, akiuza dagaa wa watu wengine kwa reja reja sokoni, na simu kutoka kisiwani akiziacha ziite. Nilimwona mara moja akiitazama ikiita mpaka ikanyamaza, kisha akaifunika kwa kanga. Leo nikitafuta mahali ambapo mambo yaliharibika, hurudi kwenye ile simu iliyofunikwa. Kila mmoja wetu alifanya alichopaswa kufanya, na kwa kufanya hivyo tuliwaacha watu wa kisiwani wafikiri wenyewe.

Na walifikiri. Walijua ana kesi kwa ajili ya kura zao. Waliona hapokei simu. Wakaamua kwamba mama amezidiwa, kwamba huko Muleba kuna mtu anamwambia kura si zake, kama vile mpagazi anavyomwambia mtu gunia si lake, na kwamba hana wa kumtolea ushahidi.

Siku ya kusikilizwa kwa zile karatasi, mahakamani Muleba, tulifika mapema. Bahasha ilifunguliwa mbele ya pande zote. Mambo yalianza vizuri kuliko nilivyotarajia. Shahidi wa upande wa pili alikuwa yule kijana wakala. Wakili wetu alimsogezea karatasi yenye duara.

"Alama hii iko kwenye kisanduku cha nani?"

"Cha mlalamikaji."

"Kuna alama kwenye kisanduku kingine chochote?"

"Hakuna."

"Unaweza kuiambia mahakama ni nani aliyeichora?"

Kijana alikohoa. Alikuwa mgeni kisiwani, aliletwa kwa ajili ya kampeni, na tajiri wake aliwajua watu kwa madeni ya dukani, si kwa magunia. "Mimi siwezi kujua. Ni duara tu."

"Ni duara tu," wakili alirudia, akageuka ili hakimu asikie vizuri.

Hapo ndipo kiti cha nyuma kilipolia. Niligeuka. Walikuwa wamekaa mstari mmoja, wote wanne, wamevaa nguo za kanisani na za msikitini, viatu vina mchanga bado. Sijui waliingia saa ngapi. Aliyesimama alikuwa mzee mwenye duara, mtu mrefu aliyekuwa akinunua dagaa pale kabla dada hajafika kisiwani.

"Mheshimiwa," alisema, "msimsumbue kijana wa watu. Hiyo ni yangu."

Hakimu aliinua kichwa. "Mzee, kaa chini. Hujaitwa."

"Najua sijaitwa. Ndiyo maana nimekuja."

"Na samaki ni wangu," alisema mama aliyekuwa pembeni yake, bila kusimama, kana kwamba anaitika jina kwenye orodha.

Askari wa mahakama aliwasogelea. Dada alikuwa mbele yangu. Niliona mabega yake yakishuka polepole. Hakugeuka. Wakili wetu alisema kitu kuhusu utaratibu, akasema vizuri, lakini wakili wa upande wa pili alikuwa ameshasimama akiomba yule mzee aapishwe. Mawakili walibishana kwa muda mrefu. Mwishoni hakimu aliruhusu, na kabla ya kumwacha aendelee alimwambia kwa upole, "Mzee, sheria haikulazimishi kusema ulimpigia nani kura. Unaelewa?"

"Naelewa. Sijalazimishwa na mtu. Nimepanda boti kwa nauli yangu."

Wakili wa mwenye maduka hakuhitaji kumbana. Aliuliza kwa adabu kabisa.

"Ulielekezwa uweke alama ya vema?"

"Nilielekezwa."

"Kwa nini hukuiweka?"

"Vema anaweka kila mtu. Nikiulizwa yangu ni ipi, nitaonyesha ipi?"

"Lakini uliambiwa kura ni siri."

"Siri ya nini, mwanangu? Mimi sikuiba."

Watu walicheka, si kwa dhihaka. Hata mimi nilicheka. Yule mzee alimtazama dada, akatikisa kichwa kidogo kumpa moyo, kama anayemwambia mtu mzigo wake umeonekana.

Wale wengine watatu nao walisema zao. Hakuna aliyesita.

Nje ya mahakama waliketi kwenye ukingo wa saruji wakimngoja. Walikuwa na furaha. Yule mama wa samaki alimshika dada mikono yote miwili. "Umekonda! Kwa nini hupokei simu? Tulidhani wamekufunga!"

"Nilikatazwa, mama. Mambo ya kesi."

"Sasa tumewamaliza," alisema mzee. "Hakuna atakayesema tena hazina mwenyewe. Tumekusaidia, au hatukukusaidia?"

Nilimtazama dada. Wakili alikuwa amesimama mlangoni na mafaili yake, naye anamtazama.

"Mmenisaidia sana," dada alisema. "Hamjala. Twendeni mle kwanza, boti haiwezi kuondoka bila nyinyi."

Aliwanunulia ndizi kwa nyama. Alikula pamoja nao, akauliza habari za mvua, za bei, za mtoto wa fulani aliyezaliwa. Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini hakuwaambia. Akasema, "Niwaambie nini? Kwamba wametoka mbali kuja kuniua?"

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Hakimu alisema hapakuwa na shaka yoyote kwamba karatasi zile nne zilikusudiwa kwa mlalamikaji. Alisema pia kwamba mahakama haikuweza kujifanya haikusikia ilichosikia. Wapiga kura walijulikana. Kura hazikuweza kuhesabiwa. Shauri likatupwa, na gharama zikawa juu ya dada. Wakili alizungumzia rufaa, bila kusisitiza, na dada alimshukuru.

Wale wanne walipata habari kabla ya jioni. Nasikia mzee mwenye duara aliomba mara tatu aelezwe, na alipoelewa alifunga banda lake, akakaa ndani mpaka siku ya pili. Ghala halijajengwa. Dagaa bado wanaanikwa mchangani.

Mwaka wa rehani ulipotimia dada hakuwa na kitu, nami nilichokuwa nacho hakikufika hata robo. Mnunuzi wa kahawa, kwa heshima ya desturi, aliwauliza kwanza watu wa ukoo kabla ya kutangaza kwamba anakiuza. Mtoto wa yule baba yetu mdogo aliyemuuliza baba kuhusu homa alilipa deni lote na kukichukua kibanja. Hakutukana wala hakucheka. Tulipokwenda kumkabidhi alituwekea viti nje.

"Makaburi ni yetu sote, dada," alisema. "Njoo wakati wowote. Ila upite kwanza hapa nyumbani ubishe hodi, watu wasije wakadhani ni mwizi wa ndizi."

"Nitabisha," dada alisema.

Anabisha kweli. Nimekwenda naye. Anasimama kwenye ua wa binamu yetu akiwa na jembe mkononi, anasubiri mtoto atoke kumruhusu, ndipo anashuka kwenye mibuni ya zamani kupalilia kaburi la mtu aliyempa shamba lile. Baba alisema akiwa ameketi, na haikutosha. Huwa najiuliza kama angekuwa hai angeipeleka kesi ile mahakamani, na kila mara jibu langu ni kwamba angeipeleka. Hilo halinifariji.

Halafu asubuhi moja dada alipigiwa simu kutoka bandarini Kemondo. Tulikwenda pamoja. Mpagazi alituonyesha magunia kumi na mawili ya dagaa yaliyopangwa pembeni, makavu, yameshonwa vizuri. Kila moja lilikuwa limepakwa jani la mgomba: mshipa katikati, michirizi pande mbili. Mikono iliyochora ilikuwa tofauti tofauti. Majani mengine yalikuwa membamba, mengine manene kama ndala.

"Nani ametuma?" niliuliza.

"Nahodha kakataa kusema," mpagazi alijibu. "Kasema mwenye alama yuko Kashai, tumpigie."

Niliyazunguka magunia nikitafuta samaki, duara, chochote. Nilichungulia hata chini. Hapakuwa na alama nyingine. Dada alipitisha kiganja juu ya rangi, ambayo haikuwa imekauka vizuri, akautazama mkono wake.

"Safari hii wamefanya siri," alisema.

Aliyauza palepale, kwa shilingi laki tisa na elfu sitini. Kwa hiyo hasara yote ilikuwa kibanja cha Kanazi, na ukiihesabu kwa fedha ya rehani, baada ya kutoa ile ya magunia, ni shilingi milioni sita na elfu arobaini.